Fedha Zikishahesabiwa: Hatua za Mwisho za Kununua Nyumba na Makosa Yanayoziharibu

Malipo ya mahindi yanapoingia benki, kaya nyingi za Mpitimbi, Litisha, Magagura na Muhukuru huanza kufikiria nyumba au kiwanja mjini Songea. Wapo wanaotaka pa kuwaweka watoto wanaosoma sekondari, wapo wanaotaka pango la kila mwezi, na wapo waliochoka kupanga. Maandalizi yao mara nyingi ni mazuri. Hukagua nyumba mara tatu, huuliza majirani, huvutana kwa bei mpaka jasho likatoka. Kisha, katika majuma machache yanayofuata makubaliano, hufanya haraka ambayo hawakuifanya katika kuchagua. Ni katika majuma hayo nyumba hupotea.

Chukuliwe mfano wa kufikirika. Mkulima wa Mpitimbi ameipenda nyumba ya vyumba vitatu huko Mshangano, bei shilingi milioni 38. Muuzaji ni mtu mzima mwenye heshima zake, naye humwita mnunuzi "mdogo wangu". Wote wawili wanakwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Karatasi inaandikwa, mashahidi wanne wanatia saini, mwenyekiti anagonga muhuri, fedha zinahesabiwa mezani, funguo zinatolewa. Jioni hiyo mkulima analala akiamini kwamba ana nyumba.

Alicho nacho ni mkataba. Kwa ardhi iliyosajiliwa, Sheria ya Usajili wa Ardhi (Sura ya 334) inasema kwamba uhamisho wowote hauipitishi haki kwa mnunuzi mpaka uandikwe katika daftari la msajili. Kabla ya hapo, jina linalotambuliwa na serikali ni la yule aliyekwisha kupokea milioni 38. Akitaka kukopa kwa nyumba hiyo kesho asubuhi, jina lake bado limo. Akifariki usiku huo, warithi wake watalikuta jina lake limo. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba watu wawili wanapogombea ardhi iliyosajiliwa, mwenye hati ndiye anayechukuliwa kuwa mmiliki halali, isipokuwa ithibitike kwamba hati hiyo haikupatikana kihalali. Muhuri wa mtaa haumo katika kipimo hicho. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi wa maana sana kwa sababu anawafahamu watu wake na mipaka yao. Lakini ushahidi ni jambo moja na usajili ni jambo jingine.

Kinachonunuliwa hasa

Nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika Mei 2001, zimeudumisha msingi huo wa zamani. Kwa hiyo anayenunua nyumba hununua maendelezo yaliyopo pamoja na haki ya kuimiliki na kuitumia ardhi iliyo chini yake kwa masharti. Jambo hili huonekana la wanasheria tu, mpaka mnunuzi atakapogundua kwamba hati aliyoinunua ilitolewa kwa miaka 33 na imebakiza minne, au kwamba matumizi yaliyoandikwa ni makazi ilhali yeye alikusudia kufungua mashine ya kusaga.

Kwa sababu hiyo swali la kwanza la mnunuzi halihusu bei, linahusu karatasi: muuzaji anamiliki kwa hati ya aina gani? Katika eneo lililopimwa itakuwa hatimiliki, au barua ya toleo ambayo bado haijazaa hati. Katika mtaa usiopimwa huenda pakawa na leseni ya makazi, au pasiwe na kitu zaidi ya mlolongo wa mikataba ya mauziano kutoka mtu hadi mtu. Katika kijiji itakuwa hakimiliki ya kimila, iwe imeandikwa au haijaandikwa. Kila moja ina njia yake ya kuhamishwa, na kosa la kwanza ni kutumia njia ya moja kwa nyingine.

Kwa ardhi yenye hati, njia huanza kwa upekuzi. Mnunuzi au wakili wake hupeleka maombi katika ofisi ya msajili wa hati, hulipa ada kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, na hupewa taarifa inayoonyesha jina la mmiliki, rehani iliyopo, na zuio lolote lililowekwa na mtu mwingine. Tangu mwaka 2020 Wizara ya Ardhi imefungua ofisi katika kila mkoa, hivyo mkazi wa Songea halazimiki tena kuifuata ofisi ya kanda. Ni kazi ndogo, na hakuna sehemu ya fedha za ununuzi inayotumika vizuri kuliko hiyo.

Lakini upekuzi mmoja hautoshi. Wengi huufanya kabla ya kutoa fedha za awali, kisha hukaa miezi miwili wakitafuta salio, na wanaporudi hulipa bila kuangalia tena. Ndani ya miezi miwili hiyo hati yaweza kuingia benki kwa rehani, au mtu wa ukoo akaweka zuio. Upekuzi wa pili, ule wa siku moja au mbili kabla ya kulipa salio, ndio unaomwambia mnunuzi kama nyumba anayoilipia bado ni ile ile aliyoipenda. Ikiwa mkataba umeshasainiwa na muda wa kusubiri utakuwa mrefu, mnunuzi mwenyewe anaweza kuomba zuio liwekwe ili kulinda maslahi yake.

Nakala ya hati si hati. Muuzaji anayeonyesha nakala tu na kusema kwamba hati halisi "iko kwa shemeji Dar es Salaam" aombwe kuileta kabla mazungumzo hayajaendelea. Mara nyingine ni kweli iko kwa shemeji. Mara nyingine iko benki.

Baada ya ofisi huja kiwanja chenyewe. Ramani ya upimaji ina namba za bikoni, na bikoni hizo zionekane ardhini. Afisa mpima ana njia ya kuhakikisha kwamba kiwanja kinachoonyeshwa ndicho kilichoandikwa. Kukosea kwa kiwanja kimoja si jambo geni katika mitaa ambayo viwanja vimekaa miaka mingi bila ujenzi na majani yamefunika alama zote. Katika mtaa usiopimwa, idara ya ardhi ya halmashauri au manispaa huulizwa kama lipo pendekezo la mipango miji, maana nyumba nzuri yaweza kukaa juu ya mahali palipotengwa kwa shule au njia.

Nyumba iliyo karibu na barabara kuu za Njombe, Tunduru au Mbinga ipimwe kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga mita 30 kila upande kwa barabara kuu na za mkoa, na duka linalovutia kwa kuwa liko mbele kabisa huenda likawa mbele mno. Kwa walio karibu na mito na vijito vinavyoteremka kutoka milima ya Matogoro, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo, ndani ya mita hizo shughuli za kudumu za binadamu zikiwa zimekatazwa. Hakuna saini ya muuzaji inayoweza kuzifuta mita hizo.

Sahihi isiyokuwepo mezani

Katika makosa yote ya hatua za mwisho, lililo zito kuliko mengine, na ambalo hufanywa na watu waungwana kabisa, ni kununua kutoka kwa mtu mmoja kitu kilicho cha watu wawili.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza, kuweka rehani au kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Sheria ya Ardhi, katika kifungu cha 161, imekwenda mbele zaidi: imeweka juu ya mnunuzi mwenyewe wajibu wa kuuliza kama mwenza wa muuzaji, au wenza wake ikiwa ni zaidi ya mmoja, wameridhia uhamisho. Mnunuzi asiyeuliza hawezi baadaye kujitetea kwamba hakujua. Mke aliyefichwa anaweza kuiomba mahakama iutengue uhamisho, na mnunuzi akabaki kumfuata muuzaji kwa fedha ambazo huenda zimekwisha kununua pikipiki na mifuko ya mbolea.

Ridhaa hiyo iandikwe, isainiwe mbele ya wakili au kamishna wa viapo, na iambatane na picha na kitambulisho. Neno la muuzaji kwamba "mama watoto anajua" halitoshi. Haitoshi pia kumwona mama mwenyewe akileta chai wakati wa mazungumzo. Kukaribisha mgeni si kuuza nyumba. Aulizwe peke yake, kwa heshima, kama anajua bei, anajua tarehe ya kuhama, na anajua familia itahamia wapi. Muuzaji mwenye wake wawili alete ridhaa mbili. Anayesema hana mke aape kiapo cha maandishi, na majirani waulizwe, kwa kuwa sheria hiyo ya ndoa inawachukulia mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na kutambuliwa na jamii kuwa mume na mke, kuwa wameoana mpaka ithibitike vinginevyo. Aliyetalikiwa aonyeshe hukumu ya mahakama juu ya mgawanyo wa mali, kwa kuwa talaka peke yake haisemi nyumba imekwenda kwa nani.

Jambo hili lina upande wake wa pili ambao hausemwi sana. Mume na mke wanaonunua pamoja, kwa fedha za shamba walilolilima pamoja, mara nyingi huandika jina moja. Fomu inaruhusu majina mawili. Ni rahisi kuyaandika siku ya kununua kuliko kuyadai baada ya miaka ishirini.

Halafu kuna nyumba za marehemu. Mzee amefariki, watoto wamekutana, ukoo umekaa kikao, na muhtasari wa kikao umempa kaka mkubwa jukumu la kuuza. Muhtasari umeandikwa vizuri, umesainiwa na watu kumi na mmoja, na una muhuri wa mtendaji. Pamoja na hayo yote, kaka mkubwa bado hana mamlaka ya kuuza. Kikao cha ukoo hupendekeza msimamizi wa mirathi. Mahakama ndiyo inayomteua. Mpaka awe na barua ya usimamizi kutoka mahakamani, kwa familia nyingi ikiwa ni Mahakama ya Mwanzo, hakuna mtu mwenye uwezo kisheria wa kuihamisha nyumba ya marehemu. Kwa ardhi yenye hati, msajili huandika kwanza jina la msimamizi katika nafasi hiyo, ndipo uhamisho kwenda kwa mnunuzi ufuate.

Hata msimamizi halali aulizwe maswali. Nyumba imo katika orodha ya mali aliyoipeleka mahakamani? Warithi wote wamekubali kwa maandishi kwamba iuzwe, akiwamo yule aliye Mbeya na yule ambaye ukoo haupendi kumtaja? Mjane anaishi wapi? Mnunuzi anayeona aibu kuuliza habari za mjane wa watu siku ya mauziano atakutana naye barazani, akiwa na mashahidi wake.

Katika ardhi ya kijiji

Wapo wanaonunua nyumba au uwanja katika vituo vya biashara vinavyokua kando ya barabara, ndani ya mipaka ya vijiji. Huko msajili wa hati si mlango wa kwanza. Mlango wa kwanza ni halmashauri ya kijiji.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, mwanakijiji anayetaka kuhamishia mtu mwingine hakimiliki yake ya kimila hupeleka taarifa na maombi kwa halmashauri ya kijiji, na halmashauri ina mamlaka ya kukubali au kukataa. Hutazama kama mnunuzi ni raia anayekusudia kuishi au kufanya kazi kijijini, na sheria imeitaka ikatae uhamisho utakaomnyima mwanamke haki yake ya kuimiliki ardhi hiyo. Mauzo yaliyoikwepa halmashauri hayana nguvu. Msimamo huo si mpya: mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba ununuzi wa ardhi ya kijiji bila idhini ya uongozi wa kijiji ni batili, na imeendelea kusema hivyo tangu kutungwa kwa sheria mpya.

Hapa ndipo tofauti kati ya mwenyekiti na halmashauri inapokuwa ya maana. Mwenyekiti na mtendaji wanaweza kutia saini zao siku ya Jumapili chini ya mwembe, lakini saini mbili si uamuzi wa halmashauri. Mnunuzi aombe muhtasari wa kikao: tarehe, mahudhurio, jina lake, jina la muuzaji, ukubwa wa eneo, majirani wa pande nne, na uamuzi. Kisha aulize kama jina lake limeingizwa katika masjala ya ardhi ya kijiji, na kama kijiji kimeandaliwa kutoa hati za hakimiliki ya kimila aombe ya kwake. Ikiwa anachonunua ni eneo ambalo kijiji chenyewe kinagawa, na si la mtu binafsi, basi halmashauri nayo haina mamlaka ya kutoa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji.

Bei ya kweli, kodi ya kweli

Turudipo Mshangano, muuzaji ana pendekezo. "Mdogo wangu," anasema, "tuandike milioni 20 tu kwenye mkataba. Kodi ya nini? Tutabaki tunajuana wenyewe."

Pendekezo hilo husikika kama hisani, na hasara yake yote iko upande mmoja. Nyumba ikija kugundulika kuwa na mmiliki mwingine, mnunuzi atadai kilichoandikwa, nacho ni milioni 20; milioni 18 zilizobaki hazina karatasi. Tena kodi yenyewe haidanganyiki kirahisi, maana uhamisho huambatana na ripoti ya uthamini inayoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na bei iliyo chini mno ya ripoti hiyo hailetwi mezani bila maswali.

Inafaa kodi zenyewe zifahamike kabla ya bei kukubaliwa. Ya kwanza ni kodi ya ongezeko la mtaji, inayotozwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) juu ya faida aliyoipata muuzaji. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ikiondolewa gharama za kununua na kuendeleza. Ikiwa muuzaji wa Mshangano alinunua kiwanja kwa milioni 4 na akatumia milioni 16 kujenga, na ana stakabadhi za kuthibitisha, faida yake ni milioni 18 na kodi ni shilingi 1,800,000. Nyumba ambayo muuzaji ameimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi husamehewa ikiwa faida haizidi milioni 15. Bila cheti cha TRA kinachoonyesha kwamba kodi imelipwa au haidaiwi, msajili hahamishi jina.

Kisheria kodi hiyo ni ya muuzaji. Lakini muuzaji aliyekwisha kupokea bei yote hana haraka ya kwenda TRA, na mnunuzi anayeitaka hati hujikuta akiilipa yeye. Kifungu kimoja katika mkataba, kinachosema nani atalipa na fedha hizo zitakatwa kutoka katika salio, huondoa ugomvi wote huo. Ya pili ni ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani, ambao kwa kawaida huwa wa mnunuzi. Katika mfano huu ni shilingi 380,000. Hulipwa ndani ya siku 30 tangu mkataba usainiwe, na mkataba usiolipiwa ushuru huo hukataliwa kuwa ushahidi mahakamani mpaka ulipiwe pamoja na adhabu yake.

Kodi ya pango la ardhi nayo ichunguzwe. Deni la miaka kumi la pango hufuata kiwanja, na halitaisha kwa sababu mwenyewe amebadilika. Mnunuzi aombe stakabadhi ya mwaka huu au taarifa ya deni kutoka ofisi ya ardhi.

Mkataba wenyewe uwe wa maandishi. Sheria ya Ardhi haitambui mauzo ya mdomo. Utaje namba ya kiwanja na kitalu, au majirani wa pande nne kama hakijapimwa. Bei kwa tarakimu na kwa maneno. Tarehe ya kuhama. Vitu vinavyobaki, kuanzia tangi la maji hadi mageti. Na kitakachotokea upande mmoja ukishindwa. Dalali anaweza kuwakutanisha watu, lakini mkataba si kazi yake. Wakili anayeuandaa ahakikiwe kwamba ana leseni hai, jambo ambalo Mahakama imeliwekea mfumo wa mtandao, na ni bora asiwe yule yule aliyeletwa na muuzaji.

Fedha zenyewe zisitoke kwa mkupuo. Mgawanyo unaomlinda kila mmoja ni wa ngazi tatu: kiasi kidogo mkataba unaposainiwa, kiasi kikubwa zaidi muuzaji anapokabidhi hati halisi, fomu za uhamisho zilizosainiwa na ridhaa ya mwenza, na salio usajili unapokamilika au unapofika mahali ambapo muuzaji hana tena la kufanya. Muuzaji asiyemwamini mnunuzi ana haki ya kutomwamini, na ndiyo maana salio laweza kukaa katika akaunti ya wateja ya wakili mpaka siku yake. Malipo yapite benki. Mashahidi wanne huzeeka, huhama na husahau. Taarifa ya benki hubaki na tarehe yake.

Mpaka jina libadilike

Fomu zinazotumika kwa ardhi yenye hati zinajulikana kwa namba zake: Fomu Na. 29 ya taarifa ya uhamisho, Na. 30 ya maombi ya kibali, na Na. 35 ambayo ndiyo hati ya uhamisho yenyewe. Zote husainiwa na pande mbili na kushuhudiwa na wakili, zikiwa na picha na vitambulisho. Kosa la kawaida hapa ni kuacha zisainiwe baadaye. Muuzaji aliyekwisha lipwa huhamia Tunduru, hubadilisha namba ya simu, huugua, au hufariki, na mnunuzi huanza upya na warithi wake. Zisainiwe siku ile ile ya mkataba, hata kama zitatumika baada ya mwezi.

Majina yalingane herufi kwa herufi. Hati ikisema jina moja na kitambulisho cha taifa kikisema jingine, muuzaji aandae hati ya kiapo ya kuthibitisha kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Maombi mengi hurudishwa kwa jambo dogo kama hilo, na kila kurudishwa ni siku nyingine ambayo nyumba ina jina la aliyeiuza.

Siku ya kukabidhiwa, mnunuzi aikute nyumba ikiwa tupu au awajue waliomo. Wapangaji wenye mikataba inayoendelea hawafukuzwi kwa sababu nyumba imeuzwa, na pango lao la miezi ijayo, ikiwa lilikwisha lipwa kwa muuzaji, likatwe kwenye salio.

Kukitokea mgogoro baada ya yote hayo, safari huanzia baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na siyo kutoa hukumu. Likishindwa kupatanisha pande hizo, hutoa uthibitisho, na shauri hufunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza. Anayekwenda huko abebe mkataba, matokeo ya upekuzi, ridhaa, muhtasari na taarifa za benki. Ndiyo maana karatasi hizo zinastahili kutunzwa mahali pasipofika mchwa wala maji ya masika, na nakala zake kwa mtu mwingine wa kuaminika.

Mwisho kuna mita. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021, na mita inayosoma jina la mmiliki wa zamani yaweza kuwa na makato ya miezi aliyokuwa haununui umeme. Namba ya mita ya umeme na akaunti ya maji ya SOUWASA ziangaliwe kabla ya salio kulipwa, madeni yake yakatwe, kisha mnunuzi apeleke nakala ya hati yenye jina lake katika ofisi zote mbili ili nazo zibadilishe. Usomaji wa mita ya maji uandikwe asubuhi ya makabidhiano, mbele ya wote wawili, kabla bomba halijafunguliwa.